Akupancha ya daktari: kutibu goti na shingo kwa sindano kavu

Daktari aliyesomea tiba ya kisasa akishika sindano za akupancha, zile kavu za Kichina zisizo na dawa ndani, mara nyingi anaziacha kando zile njia ambazo Wachina husema nguvu hupitia mwilini, na kubaki na anatomia: ni msuli upi huu, neva gani inapita hapa, chini ya ngozi kuna nini. Felix Mann, daktari wa London aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha madaktari wa akupancha Uingereza mwaka 1980, alianza kwa kuzifundisha njia hizo na akaishia kusema hazipo. Mwongozo huu unafuata mkondo wake. Ni kwa daktari, tabibu au mtaalamu wa fiziotherapia wa Dar es Salaam aliyekwisha kupata mafunzo ya vitendo na sasa anataka kuchoma wagonjwa wake mwenyewe. Kama hujawahi kusimamiwa na mtu anayeijua kazi, tafuta mwalimu kwanza.

Habari ya karatasi ni fupi. Leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika ni ya udaktari. Tiba mbadala ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002. Akupancha imekaa mpakani. Yaandikie mabaraza yote mawili, weka majibu kwenye faili, ndipo uweke tangazo mlangoni. Sindano nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, cha hizo anazokuuzia.

Inasaidia nini, na kiasi gani

Ujerumani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 kwa waliochomwa kwenye vituo vya Kichina, yaani sehemu maalumu za kuchoma mwilini, asilimia 44.2 kwa waliochomwa juujuu mahali pasipo kituo, na asilimia 27.4 kwa waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida. Yaani sindano za makusudi na sindano za kubahatisha zilikaribiana, na zote zikaipita tiba ya kawaida kwa mbali. Kwa mtendaji hii ina maana moja ya kazi: usipoteze dakika tano ukitafuta kituo kwa milimita. Dakika hizo zitumie kuhakikisha huchomi pafu wala neva.

Serikali zenyewe hazikubaliani. Bima za umma za Ujerumani zimelipia akupancha ya mgongo na goti tangu 2007. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2012 ilikubali mpaka vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kuzuia kipandauso na maumivu ya kichwa ya mkazo, ikaikataa kwa mgongo mwaka 2016, ikaikataa tena kwa goti lililosagika mwaka 2022. Sasa kwa nini goti limo humu? Kwa sababu mama wa miaka 65 wa Mbagala mwenye presha na vidonda vya tumbo hachagui kati ya sindano na mazoezi kamili ya fiziotherapia mara tatu kwa wiki. Anachagua kati ya sindano na diklofenaki anayojinunulia duka la dawa mwezi baada ya mwezi, huku figo zikilipia. Kwake yeye, vipindi sita vya sindano pamoja na mazoezi ya paja ni biashara ya haki, mradi umwambie wazi kwamba gegedu lililosagika halitarudi.

Kisukari, presha, ugumba, nguvu za kiume: usiviguse kwa sindano, hata kama bango la jirani yako linaahidi vyote vinne. Na mgonjwa yeyote wa presha, kisukari au anayetumia ARV asikie kutoka kinywani mwako kwamba dawa zake haziachwi.

Kabla ya sindano, uchunguzi

Hapa ndipo udaktari wako unapolipa. Sindano hupunguza maumivu ya muda hata pale ugonjwa wenyewe unapoendelea kula mfupa, na mgonjwa aliyepata nafuu ya wiki mbili anachelewa wiki mbili kupata tiba yake.

Kwa mgongo, uliza homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yanayomwamsha usiku wa manane. Kifua kikuu cha uti wa mgongo si hadithi ya vitabuni katika mji huu. Gonga uti kwa ngumi taratibu, pingili moja moja. Pingili moja ikiuma kupita zote, piga eksirei, pima ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani), fuatilia TB na VVU, weka sindano kabatini. Ganzi ya maeneo ya tandiko, yaani makalio na katikati ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka bila kujua, mguu kulegea: huyo anakwenda hospitali leo leo. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja akipanda ngazi ni ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kichwa kilichoanza ghafla kama radi, au kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, si cha kuchoma.

Kisha wale ambao ugonjwa wao unafaa lakini wao wenyewe wana kizuizi. Anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: pata INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ya karibuni, na ukichoma, choma juujuu kwenye mguu au mkono, kamwe si kwenye misuli ya kina. Mguu uliovimba kwa matende au mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi hauchomwi. Ngozi yenye majipu au ukurutu unaotoa maji, ruka. Mjamzito: epuka tumbo na kiuno, na vituo vya LI4 (kati ya kidole gumba na cha shahada) na SP6 (ndani ya mguu, juu ya kifundo) viache. Mwenye kinga iliyoshuka sana anaweza kusubiri mpaka ARV zishike kasi. Mwenye betri ya moyo anaweza kuchomwa sindano tupu, ila usimuunganishie umeme.

Maelezo ya ridhaa yawe ya mdomo kwanza, fomu baadaye. Kitu cha namna hii kinatosha:

“Shikamoo mama. Sindano hizi ni nyembamba sana na hazina dawa ndani. Nitakuchoma sita kwenye mguu, nitaziacha dakika kumi, kisha nitazitoa. Utasikia uzito au kujaa, kama mguu unaotaka kufa ganzi. Ukisikia shoti ya umeme niambie papo hapo. Damu kidogo au alama ya bluu inaweza kubaki. Mara chache sana mtu anazirai, ndiyo maana nimekulaza. Ukitaka nisimame, nasimama.”

Mgonjwa akisikia kwamba hakuna dawa ndani, wengine wanaona wameibiwa. Afadhali aone hivyo sasa kuliko akiwa ameshalipa.

Vifaa

Sindano tasa za kutumika mara moja, kila moja na mrija wake wa plastiki. Saizi tatu zinamaliza karibu kazi zote: 0.20 × 15 mm kwa mikono na uso, 0.25 × 25 mm kwa shingo na mabega, 0.25 × 40 mm kwa miguu na kiuno. Za 0.30 × 50 mm au zaidi ni za makalio tu, na mwanzoni hazikuhusu. Angalia tarehe ya mwisho na uone karatasi ya nyuma haijatoboka wala kulowana. Unyevu wa Dar hulegeza gundi ya pakiti zilizolundikwa kwenye kabati lililobanwa ukutani.

Spiriti ya asilimia 70, pamba, shashi kavu, mito miwili, saa yenye kengele, sanduku la usalama la kutupia vyenye ncha kali likiwa limefika mkononi bila wewe kupiga hatua. Likijaa robo tatu, lifunge. Usilitikise ili liingize zaidi. Tochi ya kichwani iwepo kwa siku umeme ukikatika sindano zikiwa ndani ya mtu.

Mazoezi ya mkono fanya kwenye kipande cha sabuni ya mche kilicholainika. Sindano ikija kuingia kwa kugonga mara moja bila kupinda, uko tayari kwa paja lako mwenyewe, halafu la mwenzako, halafu la mgonjwa.

Goti, hatua kwa hatua

Mlaze chali. Mto uliokunjwa chini ya goti, likunjike kidogo, kama nyuzi 30. Akilala mguu umenyooka kabisa, misuli ya mbele inakaza na sindano inauma bure.

Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka goti, juu, chini na pembeni, na weka alama ya kalamu kila anaposhtuka. Sehemu hizo zina haki ya kwanza kuliko mchoro wowote wa ukutani. Kisha ongeza za kawaida. Vipimo ni vya vidole vya mgonjwa, si vyako: upana wa kidole gumba chake ni kipimo kimoja, vidole vinne vilivyobanwa ni vitatu.

Ya kwanza iko kwenye uvimbe wa msuli wa ndani ya paja, vipimo viwili juu ya kona ya ndani ya kifuniko cha goti. Ingiza wima milimita 20. Ya pili ni pacha wake upande wa nje, kina kilekile. Ya tatu: teleza kidole kupanda ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi mpaka kikwame kwenye kibonde chini ya goti, hapo, milimita 15 hadi 20. Ya nne: vipimo vitatu chini ya goti kwa mbele, upana wa kidole kimoja nje ya ukali wa muundi, ndani ya nyama, milimita 20, isizidi 25 kwa mtu mwembamba, kwa kuwa chini yake kuna ateri na neva inayoinua unyayo. Ya tano iko mbele na chini kidogo ya kichwa cha mfupa mdogo wa nje. Usiende nyuma wala kwenye shingo ya mfupa huo. Neva inauzunguka pale, na ukiijeruhi mgonjwa anaondoka akiburuta unyayo.

Vitabu vya Kichina vinapenda pia macho mawili ya goti, vile vibonde vya kando ya mshipi wa kifuniko. Sisi tunaviacha. Ukizidisha kina umeingia kwenye kiungo chenyewe, na kuingiza bakteria kwenye goti lenye maji kwa ajili ya kituo ambacho hakina ushahidi wa kuzidi vingine ni kujitafutia kesi.

Nawa mikono. Jasho likiwepo, kausha kwa shashi kavu kwanza, halafu pangusa kwa spiriti na uache ikauke yenyewe, nusu dakika hivi; ukichoma ngozi ikiwa mbichi kwa spiriti inawasha na mgonjwa anadhani umemuumiza. Simamisha mrija juu ya alama, bonyeza kidogo, gonga kipini mara moja kwa kidole cha shahada, toa mrija. Kisha isukume sindano taratibu kwa kushika kipini tu. Mwili wa sindano hauguswi kwa vidole. Acha angalau milimita 5 nje ya ngozi: sindano ikikatika, mara nyingi hukatikia pale inapoungana na kipini, na unataka kibaki cha kushikwa na koleo.

Zungusha huku na huku, robo mzunguko, mpaka aseme anasikia uzito au kujaa. Usizungushe upande mmoja mfululizo. Nyuzi za nyama hujivirigisha kwenye chuma na sindano inang’ang’ania. Akisikia shoti inayokimbia hadi kidoleni, umegusa neva: rudisha nyuma milimita 5, ielekeze kwingine.

Kipindi cha kwanza sindano nne hadi sita, dakika 10. Kuna watu ambao hata hizo zinawalegeza mwili mzima na kuwasinzisha. Ukianza na kumi na mbili huwezi kujua nani ni nani. Vipindi vinavyofuata nenda mpaka dakika 20 na sindano nane.

Andika idadi kwenye fomu sindano ya mwisho inapoingia, si wakati wa kutoa. Na usimfunike kanga juu ya sindano. Feni ikiipeperusha, kanga inanasa kwenye vipini, inazikunja au inazisukuma ndani, na chini yake ndipo sindano ya paja inaposahaulika mpaka mwenyewe anapokaa kwenye kiti cha daladala. Ukitaka kumsitiri mama, funika juu ya paja na chini ya muundi, kati uache wazi, na feni igeuze ukutani.

Kutoa: bonyeza ngozi kwa pamba kavu, vuta moja kwa moja, kandamiza nusu dakika. Sindano inatoka mwilini inaingia sandukuni, moja moja. Ile tabia ya kuzilundika kwenye bakuli lenye umbo la figo ili uzitupe pamoja ndiyo inayochoma wauguzi na wafagiaji. Hesabu, ziliingia sita, zimetoka sita.

Shingo na bega: hapa ndipo pafu lilipo

Fundi cherehani, mhasibu, kijana wa bodaboda aliyekamata usukani tangu alfajiri: wote wanakuja na kamba ngumu kwenye msuli wa juu ya bega. Ni tatizo linaloitika vizuri, na ndilo lenye ajali mbaya kuliko zote. Kilele cha pafu kinapanda sentimita 2 hadi 3 juu ya mfupa wa mtulinga. Kwa mtu mwembamba, kutoka ngozi ya juu ya bega mpaka utando wa pafu panaweza kuwa pungufu ya milimita 20. Sindano ya milimita 40 iliyoelekezwa chini inafika bila kutumia nguvu yoyote.

Njia salama ni moja. Mlaze kifudifudi au kwa ubavu. Ubane msuli kwa kidole gumba na vidole viwili, uinue utengane na kifua kama unavyoinua ukosi wa shati, na ukiwa umeushikilia, choma kwa sindano ya milimita 25 ukielekea kwenye kidole chako cha upande wa pili, kutoka mbele kwenda nyuma au kinyume chake, kamwe si kuelekea chini. Kidole cha upande wa pili ndicho kipimo chako cha kina. Msuli ukikataa kubanika, kwa unene au kwa kukakamaa, usichome hapo. Choma nyuma ya shingo karibu na pingili, sambamba na ngozi, au hata kwenye mkono tu. Kumbuka yale matokeo ya Wajerumani.

Sheria hiyohiyo inatawala kati ya mabega na mbavu zote: lalisha sindano, nyuzi 15 hadi 30, isimame kamwe. Na kifuani katikati, kwenye mfupa wa kidari, watu wachache huzaliwa na tundu ambalo huwezi kulihisi kwa kidole. Nyuma yake kuna moyo. Watu wamekufa kwa sindano iliyopita hapo. Kituo hicho kiache kabisa.

Hewa ikivuja nje ya pafu, dalili huenda zisionekane mgonjwa akiwa bado ofisini kwako. Mara nyingi zinakuja saa kadhaa baadaye: kichomi akivuta pumzi, kikohozi kikavu, kuhema akipanda ngazi. Kila uliyemchoma eneo hilo aondoke na karatasi yenye dalili hizo na maneno “Nimechomwa sindano karibu na pafu, naomba nipigwe eksirei ya kifua”, aionyeshe idara ya dharura ya hospitali yoyote. Anayepanda ndege kwenda Mwanza jioni hiyo, mwahirishie sindano za eneo hilo.

Yanayokwenda mrama

Kuchuruzika damu kidogo ni jambo la kawaida. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2001, uliofuatilia vipindi karibu 32,000 vya madaktari na wanafiziotherapia, ulikuta damu au alama ya bluu katika vipindi kama 3 kati ya 100, na maumivu kuzidi kwa muda katika kama 1. Mgonjwa anayepiga simu siku ya pili kwamba goti limechachamaa, mara nyingi kesho yake linatulia. Kipindi kijacho punguza sindano na muda.

Kuzirai kunampata zaidi kijana mwanamume mwenye misuli, kipindi cha kwanza, tumbo tupu. Anapauka, jasho la baridi, anapiga miayo. Toa sindano kwanza, zote, ndipo uinue miguu. Chai ya sukari anapewa akiwa ameshapata fahamu sawasawa. Mwezi wa Ramadhani mpangie aliyefunga saa za asubuhi mapema, au baada ya futari. Saa tisa alasiri anakuja akiwa ameshakauka.

Sindano ikikwama, usiivute. Mweleze atulie, subiri dakika mbili, izungushe kinyume na ulivyokuwa ukizungusha. Ikigoma, choma nyingine sentimita mbili pembeni, msuli hulegea. Iliyopinda hutolewa kwa kufuata upindo wake. Iliyokatika: mgonjwa asijongee, zungushia kalamu mahali pale, bonyeza ngozi pande mbili kipande kichomoze, kishike kwa koleo. Kikizama, ni eksirei na daktari wa upasuaji.

Ukijichoma wewe, sindano haina tundu kwa hiyo inabeba damu kidogo kuliko ile ya bomba, lakini hatua ni zilezile. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua. Mpime mgonjwa kwa ridhaa yake. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa chache, mwisho saa 72, kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B uwe umeshamaliza kabla hujaanza kazi hii: dozi tatu, ya mwanzo, baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Msafishaji wako naye achanjwe.

Vipindi vingapi

Mara moja kwa wiki. Kila anapoingia, kabla ya salamu kupoa, muulize maumivu ni ngapi kwa kumi, na swali moja la maisha: sasa anapanda ngazi za daladala vipi, anaamka usiku mara ngapi, anaswali amesimama au amekaa kwenye kiti. Namba peke yake hudanganya, kwa kuwa wengi hushusha kidogo kukuridhisha wewe daktari. Ngazi haimheshimu mtu.

Vipindi vitatu bila mabadiliko yoyote, badilisha sehemu na uongeze muda. Vinne, simama na urudie uchunguzi tangu mwanzo. Kuendelea mpaka cha kumi kwa mgonjwa asiyeitikia ni kumlia pesa. Anayeitika apate sita, kisha kila baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha aje akiona mwenyewe kunahitajika.

Katika muda wote huo mazoezi hayasimami, na kwa goti ni haya: akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sambamba na sakafu, ahesabu tano polepole, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mwonyeshe, kisha akuonyeshe yeye, sindano zikiwa zimeshatoka.